Mwongozo wa Kurekodi Mhadhara Mzito

Hongera. Umeambiwa kozi yako iende mtandaoni. Barua ya mkuu wa idara umeipata, ina mhuri, na ndani yake kuna sentensi moja unayotakiwa kuiheshimu: mihadhara ya sauti iwe na ubora wa hali ya juu na imfikie kila mwanafunzi popote alipo. Isome tena taratibu. Hayo ni mambo mawili, yameunganishwa kwa "na" kana kwamba ni mke na mume, lakini hawa wawili hawasalimiani. Sauti ikipendeza, faili linanenepa. Faili likinenepa, mwanafunzi wa Namtumbo anabaki anakitazama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu mpaka chaji inakata. Usimwandikie mkuu barua ya kumweleza hili. Fuata mwongozo huu hatua kwa hatua na utashindwa kwa utaratibu, jambo ambalo katika utumishi lina heshima yake.

Hatua ya kwanza: jua nani analipa.

Mimi nilijulishwa na mhadhara wa magonjwa ya kuku. Dakika 50, nimeurekodi kwa mipangilio niliyoikuta kwenye kompyuta: WAV, stirio, 44,100. Nilipoona faili limefika MB 529 nilijisikia kama mtu aliyevuna. Nikaliacha lipande usiku kucha ofisini, kwa intaneti ya chuo ambayo hainigharimu hata senti tano. Siku ya tatu kijana mmoja akabisha hodi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, karibu."

"Mwalimu, ule mhadhara wako ni mzito."

Nikaegemea kiti. Miaka yote ya kufundisha nilikuwa nasubiri mtu aseme hivyo. Nikamwambia elimu ndivyo ilivyo, ajikaze, ausikilize mara ya pili na kalamu mkononi. Akakuna kichwa.

"Hapana Mwalimu. Ni mzito kushuka. Bando limekata hata nusu haujafika."

Kwa hiyo jifunze hesabu hii, haihitaji shahada. Chukua kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 60, gawa kwa 8, gawa tena kwa 1,000. Jibu ni MB kwa kila dakika. WAV yangu ilikuwa inakula kilobiti 1,411 kwa sekunde, maana yake MB 10 na nusu kwa dakika. Ile "kama nilivyotangulia kusema" yako, ukiitamka kwa madaha yanayostahili, inachukua sekunde 3: umeshamtoza mtoto wa watu nusu MB na hujasema kitu. Piga hesabu ya kukohoa, ya kufunua kurasa, ya "eeeh", na ya pale ulipopokea simu ya fundi bomba ukasahau kukata.

Kanuni isiyoandikwa popote, lakini inayofuatwa kuliko katiba ya chuo, ni hii: kila anayepanga ukubwa wa faili yuko kwenye Wi-Fi, na kila atakayelipakua yuko kwenye bando. Kamati ya ubora hukaa ukumbini, chini ya kiyoyozi, nywila ya intaneti imebandikwa ukutani. Angalizo: usipendekeze wajumbe wazime Wi-Fi wajaribu kwa vifurushi vyao. Mmoja aliwahi kupendekeza, na siku hizi anasimamia ratiba ya kuazima viti.

Hatua ya pili: tafuta chumba kabla hujatafuta maiki.

Utashawishika kununua maiki. Ukishainunua, itarekodi kwa uaminifu mkubwa feni, friji, bodaboda, muadhini wa karibu na muadhini wa mbali anayemfuata kwa nusu sekunde. Mashine ya kubana sauti haijui kwamba wewe ni mhadhiri na feni ni feni. Imepewa kilobiti kadhaa kila sekunde igawe, nayo inagawa kama sahani ya msibani: feni lile, jogoo ale, na wewe ule kilichobaki. Ndiyo maana mhadhara uliorekodiwa chumbani penye kelele ukibanwa unatoka kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Watu hulaumu kilobiti. Wa kulaumiwa ni feni.

Zima feni. Jasho halisikiki. Mwangwi ni adui mwingine: ukuta mtupu, sakafu ya vigae na dari ya jipsamu vinarudisha sauti yako kwako, na maiki inazinasa zote mbili. Nguo ndiyo dawa. Fungua kabati la nguo, ingiza kichwa na simu katikati ya makoti na vitenge, na anza kufundisha. Kama kabati lako halitoshi heshima yako, tumia gari: liegeshe kivulini, pandisha vioo, zima injini. Jirani akikukuta umekaa kwenye gari lililozimwa, umelowa, unaongea peke yako saa nzima juu ya vifaranga wanaoharisha, mpungie mkono uendelee.

Simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, upandeupande kidogo, ili pumzi za "p" na "b" zipite pembeni zisiigonge maiki. Tazama kile kipimo cha sauti: kikigusa nyekundu, rudi nyuma au punguza. Sauti ndogo inaweza kukuzwa baadaye, lakini sauti iliyopasuka haishonwi na fundi yeyote.

Mvua ikianza kwenye bati, acha. Usijaribu kushindana nayo. Utakuja kusikiliza ukakuta umewapigia wanafunzi kelele dakika 20, na mvua ndiyo inayosikika vizuri.

Hatua ya tatu: una mdomo mmoja.

Chagua mono. Stirio ni ya bendi, yenye gitaa kushoto na tumba kulia. Wewe huna tumba. Kwenye WAV, kutoka stirio kwenda mono kunakata faili katikati papo hapo. Kwenye MP3 uliyoifunga kwenye kilobiti 64, ukubwa haubadiliki, ila zile 64 zote zinakwenda kwenye mdomo wako badala ya kugawanywa kwa midomo miwili inayosema jambo moja. Mwanafunzi mwenyewe anasikiliza kwa eafoni ya sikio moja; la pili liliacha kufanya kazi muhula uliopita. Onyo: kama ulirekodi stirio na maiki ya upande mmoja ilikuwa imekufa, nusu ya darasa itakuandikia kwamba mhadhara ni kimya kitupu, nawe utawajibu waongeze sauti.

Hatua ya nne: usiiogope namba 44,100, wala usiiabudu.

Namba hii utaikuta kila mahali na hakuna atakayekueleza ilitoka wapi. Ni ya CD, zile sahani ambazo Sony na Philips walizileta sokoni mwaka 1982. Sikio la kijana mwenye afya linasikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na ili kuinasa sauti sawasawa lazima uipime zaidi ya mara mbili ya hapo. Hesabu nzuri, ya watu wazuri, kwa ajili ya vinanda na matoazi. Wewe unafundisha chanjo ya mdondo.

Simu ya kawaida ya kupiga, ile ambayo watu wameitumia kuposa na kutangaza misiba, hubeba mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 tu. Inatosha kujua nani anaongea na kwamba amekasirika. Haitoshi kutenganisha "s" na "f", kwa sababu tofauti ya herufi hizo mbili inakaa juu kabisa, kwenye mitetemo ambayo simu imeshaikata na kuitupa. Ndiyo maana ukitaja jina kwenye simu unaulizwa: S ya Salma au F ya Fatuma? Basi kaa katikati. Ukirekodi kwa 22,050 unabaki na mitetemo hadi karibu 11,000: "s" ni "s", "f" ni "f", "sh" inakaa mahali pake, na matoazi ambayo huna yamekatwa.

Ila uelewe jambo moja ambalo wajuzi hulificha kwa furaha: kwenye MP3, kupunguza namba hii peke yake hakupunguzi faili hata kidogo kama kilobiti umeziacha palepale. Kunaisaidia tu mashine isihangaike na mapambo. Usilieleze hili kwenye semina. Kuna mtu ameshaandaa slaidi 14 zinazosema kinyume, na posho yake imeshapitishwa.

Hatua ya tano: sasa chagua kilobiti, ukijua kila uchaguzi una wa kukulaumu.

Kwa saa moja ya mhadhara, hizi ndizo bei. Kilobiti 320: MB 144. Kilobiti 128: MB 57 na ushee. 64: karibu MB 29. 32: MB 14 na nukta. Hapo tunazungumzia MP3, mono, chumba kimya, feni limezimwa kama tulivyokubaliana.

Utaipenda 320 kwa sababu ndiyo kubwa kwenye orodha, na sisi walimu tumezoea kwamba kilicho juu kwenye orodha kimefaulu. Jizuie. MP3 ilikomaa kwenye taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, kwa ujanja mmoja: sikio lina uvivu wake. Ngoma ikipigwa, hakuna anayesikia mbu. Basi mashine inamtupa mbu na kubakiza ngoma, faili linakonda, na msikilizaji anacheza bila kujua ameibiwa mbu. Lakini Karlheinz Brandenburg, mmoja wa mafundi wakuu wa kazi ile, alipoijaribu kwenye "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, ambamo mama yule anaimba peke yake bila ala yoyote, sauti iliharibika vibaya. Sauti tupu ya binadamu haina ngoma ya kujificha nyuma yake. Kila kilichoibwa kinaonekana. Ikabidi waurudie wimbo ule tena na tena, wakirekebisha, mpaka mashine ikajifunza adabu mbele ya sauti ya mtu mmoja. Jina la ".mp3" lenyewe lilichaguliwa Julai 1995.

Kwa hiyo usiidharau sauti yako ukaibana mpaka ikatoa mlio wa sarafu ndani ya kopo. Kwa mazungumzo, MP3 ya mono kwenye 64 inasikika safi, na wengi hawataitofautisha na 128 hata uwape eafoni za bei mbaya. Ukishuka hadi 32 utaanza kusikia ukungu fulani, lakini maneno yote yapo. Chini ya hapo MP3 inaanza kuzama kwenye maji. Ukitaka kushuka zaidi, hamia Opus, ambayo kiwango chake kilichapishwa mwaka 2012 na ambayo ndiyo iliyomo ndani ya zile voisi za WhatsApp. Kwenye kilobiti 24 Opus bado inaongea kama mtu, na saa nzima haifiki MB 11. Yaani ule ubora unaotosha kumsikia shangazi akilalamika kutoka Tanga kwa dakika 9 bila kupumua unatosha pia kwa kozi ya stashahada.

Natamani tungeishia hapo. Lakini mfumo wa chuo ukipelekewa faili la Opus utakwambia aina hii hairuhusiwi, na utarudi kwenye MP3 kama mkwe aliyesahau mwavuli.

Wakati huo kumbuka kitu kimoja cha kukupunguzia majivuno. Mwaka 1973 kampeni ya elimu ya afya, "Mtu ni Afya", iliendeshwa nchini kwa redio. Redio zenyewe za mbao na za betri, mawimbi yanapanda na kushuka, sauti inakwaruza, mara stesheni ya ng'ambo inapita katikati ya somo la maji ya kunywa. Watu walikaa kwa vikundi chini ya mti, wakiwa na kijitabu mkononi na kiongozi wa kikundi, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Waliohudhuria walihesabiwa kwa mamilioni. Hakuna aliyeuliza kilobiti ngapi. Onyo: usiliseme hili kwenye kikao cha kununua vifaa vya studio.

Hatua ya sita: pandisha faili, ikiwezekana.

Mfumo utakukatalia. Utakuambia kwa maneno mekundu kwamba faili limezidi kikomo, na kikomo kitakuwa MB 2. Utadhani ni sera. Si sera. Seva nyingi za kozi zinaendeshwa kwa PHP, na PHP inapowekwa mara ya kwanza huja na MB 2 kama kikomo cha faili moja. Ni namba iliyokuja na boksi. Haijawahi kujadiliwa na kikao chochote, haina muhtasari, haina aliyeisaini, na pengine kwa sababu hiyo hiyo inatiiwa na chuo kizima. Kijana wa TEHAMA anaweza kuibadilisha kwa dakika mbili. Yupo Dodoma kwenye mafunzo. Akirudi atakuomba uandike barua ipitie kwa mkuu wa idara.

Basi kata. Mono, kilobiti 32, ni MB 0.24 kwa dakika. Dakika 8 ni MB 1.92. Inapita, kwa upenyo mwembamba kama wa daladala mbili kwenye daraja. Mhadhara wa dakika 50 unakuwa vipande 7. Utashangaa kwamba huu ndio uamuzi bora utakaoufanya muhula mzima, na hukuufanya wewe: mtu anapakua kipande kimoja kwa bando la siku, mtandao ukikatika anapoteza MB 2 badala ya kuanza upya, na dakika 8 ndizo anazoweza kukusikiliza kabla hajafikiria chakula. Kata kwenye mapumziko ya wazo, usikate katikati ya sentensi. Mimi nilikata katikati ya "chanjo hii usimpe kuku ambaye", na kipande kilichofuata hakikupanda kwa wiki mbili.

Majina ya vipande uyaandike 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, siku utakapofika 10 baadhi ya kompyuta zitaiweka 10 mbele ya 2, na wapo wanafunzi watakaomzika kuku kabla hajaugua. Usiite faili "mhadhara mpya wa mwisho kabisa 2". Tunajua wote kwamba kuna la 3.

Ikishindikana kabisa, omba Mungu nyaya zikatike. Tarehe 12 Mei 2024 zile za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, kuna walimu waliopumua kwa siku kadhaa wakiwa na udhuru halali kabisa. Usiuzoee. Meli ya matengenezo huja.

Hatua ya saba, fupi, kwa sababu hutanisikiliza: usifanye haya.

Usiifunge MP3 kwenye zip ukidhani itapungua. Ilishabanwa; hakuna juisi iliyobaki kwenye chungwa hilo. Utakachofanikiwa ni kuwalazimisha wanafunzi watafute programu ya kufungulia, yenye matangazo. Usichukue MP3 ya 32 ukaihamisha kwenda 320 ili "kuinua ubora": kilichotupwa hakirudi, umepuliza puto tu, na mwanafunzi atalipia hewa. Kila unapofungua MP3, ukaihariri na kuihifadhi tena kama MP3, inachakaa kidogo, kama kivuli cha kivuli. Basi rekodi na uhariri kwenye WAV, ubane mara moja tu mwishoni, na ile WAV uifiche kwenye diski mbali na watu. Na usigeuze sauti kuwa video kwa kuiwekea picha moja ya kuku asiyetikisika. Najua mkuu anapenda video. Kuku yule atakula MB kwa saa nzima bila kupepesa jicho.

Hatua ya nane: jiandae kwa WhatsApp, maana huko ndiko kozi inakofanyika.

Mfumo wa chuo ni wa ukaguzi. Kozi yenyewe iko kwenye grupu. Kwa miaka mingi WhatsApp ilikuwa haipitishi sauti inayozidi MB 16, nasi tukalalamika. Mwaka 2022 ikaruhusu nyaraka za hadi GB 2, tukashangilia, na hakuna aliyewauliza wenye simu zilizojaa. Kwa sasa unaweza kumtumia mwanafunzi mhadhara unaozidi nafasi iliyobaki kwenye simu yake, akalazimika kuchagua kati yako na picha za harusi ya dada yake. Hutashinda.

Tuma vipande vyako 7 jioni. Hapo ndipo zitakapoingia "Asante Mwalimu" 43, mikono iliyokunjwa, tangazo la mtu anayeuza godoro, na kipande chako cha 04 kitapotelea juu huko. Wengine watasubiri saa za bando la usiku, wataamka saa 8, watapakua vyote kwa zamu huku wamelala nusu. Hivyo vitahesabiwa kuwa vimesikilizwa.

Mwanafunzi mmoja jasiri atakuuliza: "Samahani Mwalimu, huwezi kututumia notsi tu?" Ni swali zuri mno. Mhadhara wako wa dakika 50 una maneno kama 6,000, na yakiandikwa matupu bila mapambo ni KB 40 hivi. Kilobaiti, si mega. Vinapungua vipande 7, zinapungua MB 12, na kitochi chochote chenye uwezo wa kufungua maandishi kitayafungua. Tuma. Ila fahamu kwamba kwenye fomu ya madai ya mihadhara ya mtandaoni kuna kisanduku cha "sauti" na kisanduku cha "video". Cha maandishi hakipo. Kwa hiyo tuma vyote viwili, na usimwambie mhasibu ni kipi kilichosomwa.

Halafu atatokea CR, yaani mwakilishi wa darasa. Kila darasa lina CR, na kila CR ana moyo wa huruma. Ataona wenzake wanahangaika, naye atafanya unalolijua na usiloweza kulizuia: atacheza vipande vyako vyote kwenye spika ya simu moja, atachukua simu nyingine, na kurekodi voisi ya dakika 3, ndani ya daladala, konda akiita Msamvu, yenye muhtasari wa mhadhara mzima na mistari michache ya sauti yako mwenyewe ikisikika kutoka mbali kama redio ya jirani. Voisi hiyo itasikilizwa na wote. Itasikilizwa mara mbili. Itatumwa kwa darasa la mwaka unaofuata.

Katika ule mhadhara wangu, kipande cha 03, nilisema kwa mkazo na kwa kurudia: sisi ndio adui wa kwanza wa banda la kuku. Nikaeleza kwamba virusi vya mdondo vinaingia na viatu vyetu, na ndoo zetu, na kuku tuliyemnunua mnadani jana tukamwingiza bandani leo bila kumtenga. Nilikuwa nimezima feni. Nilikuwa kabatini. "S" zangu zilikuwa kali kama wembe.

Mtihani ulipofika niliuliza: taja adui wa kwanza wa banda la kuku, ueleze anavyoleta mdondo. Alama 10. Nilikaa kusahihisha siku ya Jumamosi na chai yangu. Karatasi ya kwanza: fisi. Nikacheka peke yangu. Ya pili: fisi. Ya saba alikuwa amefafanua kwamba fisi huingia bandani usiku akiwa na vimelea kwenye miguu. Ya kumi na tisa alishauri fisi avuke kwanza kwenye beseni la dawa mlangoni. Ya CR mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wenye mistari iliyonyooka, ilisema fisi akinunuliwa mnadani asiingizwe bandani kabla ya kutengwa siku 14.

Nilimpa 6. Siku 14 alizipata sawasawa.